Kilo Tatu za Mchanga

Penina aliiweka simu juu ya kabati la vyombo, mahali pekee jikoni ambapo mtandao haukatiki, akavuta kigoda akakaa chini yake. Binti yake Magreth alikuwa amesema atapiga mara tu wasimamizi wa mbio watakapoamua. Hiyo ilikuwa jioni. Sasa ilikuwa saa sita usiku, na kijiji chote cha Akheri kilikuwa kimelala isipokuwa mbwa.

"Njoo ulale," mumewe Elirehema alisema kutoka chumbani.

"Nasubiri."

"Unasubiri nini? Miaka miwili unamwomba Mungu mtoto aache magari. Wakimfungia mwaka mzima, si umejibiwa?"

Penina aliinua macho kuitazama simu.

Magreth alikuwa na miaka ishirini na sita. Udereva aliujifunza kwenye pikapu ya mboga, akitoa kabichi Tengeru alfajiri kupeleka mjini, na barabara ile ilimfundisha kukata kona bila kumwaga mzigo. Kisha akampata Nathanaeli, fundi wa magari wa Makumira, aliyekuwa na kigari chekundu cha milango minne na hana wa kukiendesha. Wakaanza kushindana katika uwanja wa vumbi karibu na Usa River. Mwaka wa kwanza walikuwa wa kuchekwa. Wenye injini kubwa walitangulia nusu mzunguko, watazamaji wakageukia nyama choma kabla mbio hazijaisha, kwa kuwa kila mtu alishajua nani atashinda.

Mwaka huu chama cha mbio kikabadilisha sheria. Matairi ya aina moja kwa wote. Halafu uzito: atakayeshinda, mbio zinazofuata gari lake libebe kilo arobaini za ziada, wa pili abebe ishirini na tano, wa tatu kumi. Ndipo Magreth alipoanza kuonekana. Wakubwa walipobebeshwa mizigo, kigari chekundu kikapanda, na mwezi wa saba kikashinda. Basi zile kilo arobaini zikahamia kwake.

Penina aliposikia hivyo alifurahi kimoyomoyo. Kilo arobaini ni nusu gunia la mahindi. Yeye mwenyewe alijua mtu akibeba mzigo huo anavyopunguza mwendo. Mwanangu atakwenda taratibu, alifikiri. Ndiyo maana Nathanaeli aliposema anatafuta mchanga wa kujaza gunia la uzito, Penina aliitikia haraka. Jumanne akashuka mtoni chini ya migomba, akachota mchanga mzuri, akaondoa mawe, akaujaza guniani, akalishona kwa mkono wake. Jumatano Nathanaeli akalipima: kilo arobaini kamili. Msimamizi mmoja akaja gereji, akaona mizani, akafunga gunia kwa waya wenye alama ya chama. Lilifungwa nyuma ya kiti cha dereva, lisiguswe tena hadi mbio ziishe.

Jumamosi Penina alikwenda uwanjani kwa mara ya kwanza. Alichokiona hakikuwa mwendo wa taratibu. Zamani, Magreth alimweleza, gari la mbele lilikuwa peke yake na la nyuma peke yake. Sasa uzito ulikuwa umewasawazisha, magari manne yaliingia kona ya kwanza kama mbuzi wanaogombea mlango wa zizi, ubavu kwa ubavu, vioo vikigongana. Penina alifumba macho akahesabu mizunguko kwa masikio. Alipoyafumbua, mwanawe alikuwa wa kwanza, akimzidi dereva Tajeu wa Ngaramtoni kwa upana wa kiganja.

Kisha gunia likapandishwa kwenye mizani. Kilo thelathini na saba.

Waya ulikuwa mzima, alama haijaguswa. Hapo ndipo maneno yalipozuka. Tajeu alisema kilo tatu kwenye kona ni urefu wa gari zima, na kwamba fundi anayejua kufungua waya atajua na kuufunga. Wasimamizi wakafungia gari stoo. Kama ni bahati mbaya, ushindi unafutwa, basi. Kama ni udanganyifu, dereva na fundi wanafungiwa mwaka mzima.

Pale kigodani, Penina alikuwa akiwaza hayo alipokumbuka kahawa. Wiki ile alikuwa ameanika kahawa uani, na jioni aliifunika kwa turubai isipate umande. Miaka thelathini ameuza kahawa; mara ngapi ameambiwa na mpimaji, "Mama, hii bado mbichi, rudi ukaanike"? Maji yana uzito. Hata mtoto wa hapa anajua. Halafu akakumbuka Magreth akilalamika Ijumaa kwamba chini ya kiti kuna unyevu, amefuta na kitambaa, hajui umetoka wapi.

Mchanga wa mtoni. Siku tatu ndani ya gari lililopigwa na jua.

Alishika magoti yake. Hakuna aliyejua ila yeye. Nathanaeli alilichukua gunia limeshashonwa, akapima, akashukuru. Na kama yeye angekaa kimya, asubuhi wangesema udanganyifu, na mwaka mzima Magreth angeendesha pikapu ya kabichi, na Penina angelala usingizi.

Aliwaza hilo kwa muda mrefu, bila kujidanganya kwamba halipendezi.

Simu ililia saa kumi na mbili asubuhi. "Mama, hawajaamua. Wanakaa tena saa tatu. Nathanaeli hajala tangu jana. Anasema atauza vifaa vya gereji, nani atampelekea gari mtu aliyeitwa mwizi?"

Penina alivaa gauni la ibada, lakini hakwenda usharikani. Alimwambia mwendesha bodaboda ampeleke uwanjani.

Nje ya ofisi ya wasimamizi, kijumba cha mabati chenye mlango wa mbao, Magreth alikuwa ameketi juu ya tairi. Nathanaeli alisimama mbali, mikono mifukoni. Tajeu naye alikuwepo, akiegemea gari lake.

"Shikamoo, mama," Tajeu alisema. "Umekuja kuwaombea?"

"Marahaba. Wewe jiombee mwenyewe, baba, maana ukipewa hiyo nafasi ya kwanza, kilo arobaini zinakuja kwako."

Tajeu alicheka, kisha akaacha kucheka.

Penina alimvuta binti yake pembeni, akamwambia yote: mtoni, gunia, unyevu chini ya kiti. Magreth alitikisa kichwa.

"Mama. Kahawa hujawahi kukosea hata punje."

"Kahawa nauza. Mchanga nilidhani ni mchanga tu."

"Ulijua lini?"

"Usiku."

"Na hukunipigia, wala nilipopiga hukuniambia." Kisha Magreth akaelewa. "Ungekaa kimya ningefungiwa. Si ndicho unachotaka?"

"Ndicho," alisema Penina. "Mpaka sasa ndicho. Ile kona ya kwanza sitaizoea nikiishi miaka mia. Lakini nitakutazama vipi mezani, na wewe unaitwa mwizi kwa ajili ya gunia langu?"

Magreth alimtengenezea mama yake kitenge begani kilichokuwa kimeteleza.

Penina akaenda mlangoni, akagonga.

"Subirini nje!" sauti ilisema. "Wanaoruhusiwa ni dereva na fundi tu."

Akagonga tena, kwa ngumi. Ndani mazungumzo yakakatika. Nathanaeli alitoa mikono mifukoni.

"Nani huyo?" ile sauti ya ndani iliuliza.

"Mimi ndiye niliyejaza gunia," alisema Penina. "Nina maneno."

Kiti kikaburutwa sakafuni, komeo likavutwa, na mlango ukafunguliwa.