Ile Namba Ndefu ya Chini

Mimi hakuna kinachonishangaza duniani. Ghorofa langu la hapa mjini Soni nimelijenga kwa kabichi, shule nimeigusa tu. Ila jana nimefungua kitabu kipya cha hundi, harufu ya karatasi ikanirudisha jikoni kwetu, enzi za utoto.

Mwenye hoteli mmoja alimlipa baba pesa za mapeasi kwa hundi, iwe ada yangu. Baba akasoma ile namba ndefu ya chini.

"Mama watoto, mamilioni!"

"Kwa mapeasi yale yale?"

Akakopa beberu kwa jirani, kijiji kikala. Benki wakamwambia zile ni namba za hundi, tawi na akaunti. Pesa zimeandikwa juu. Mpaka leo nikiziangalia namba zile sijui ipi ni ipi.

Hundi yote ilikwenda kwa jirani, haikutosha. Nikatolewa shule nikabebe kabichi sokoni hadi tulipe deni lililobaki: shilingi mia nne na hamsini.