Kivuli Kwenye Picha ya Ubongo Wangu

Baba yangu alifariki akiwa amesahau majina yetu sote. Mimi, binti yake wa mwisho, alikuwa akiniita kwa jina la dada yake, nami nikiitika. Tangu hapo, kila niliposahau jina la mwanafunzi hapa Same ninapofundisha, moyo ulinipasuka.

Kwa hiyo watafiti walipokuja shuleni kutafuta watu wazima wenye afya wa kupigwa picha za ubongo, nilijiandikisha wa kwanza. Walitueleza kwamba wanachora ramani: wanalinganisha picha za watu wengi waone tunafanana wapi, sehemu ya kusemea iko wapi, ya kukumbukia iko wapi. Katika ramani zilizopo, watu wa huku kwetu ni wachache mno. Hofu yangu sikuwaambia.

Hospitalini nililazwa ndani ya mashine inayogonga kama fundi wa mabati. Picha zilipita mbele yangu, jembe, mbuzi, ungo, nami nikivitaja kimoyomoyo kwa Kiswahili, kisha kwa Chasu, lugha yetu ya nyumbani. Kwenye ungo, neno la Chasu halikuja. Nilitoka nimelowa jasho.

Wiki iliyofuata wakanipigia simu. Kuna kitu wamekiona, pengine si kitu, ila nirudi daktari bingwa aangalie. Siku tatu nilisahihisha insha bila kuzisoma.

Bingwa alikuwa mama wa makamo, mpole. Alinionyesha kivuli cha duara, kama tone la wino. Nikamuuliza kama ndicho kilichomla baba kumbukumbu. Alifungua picha za watu wengine, zisizo na majina; wawili walikuwa na tone kama langu.

"Ni kifuko cha maji," akasema. "Huenda ulizaliwa nacho. Tunavikuta kwa watu wengi wazima, na hiki hakikubani popote."

"Na kusahau kwangu?"

Aliniuliza nafundisha wangapi. Nikasema mia mbili na kitu, na majina nayajua karibu yote. Akatabasamu. Akanionyesha kwamba sehemu ya kumbukumbu imejaa, haijasinyaa, kama ya wenzangu wa umri wangu, na nilipotaja vitu, palipowaka kwenye picha ni pale pale panapowaka kwa wengine, kwa lugha zote mbili.

"Ya mbele siwezi kukuahidi, mwalimu. Leo huumwi."

Nililia palepale kitini, naye akaniacha nilie.

Jumamosi nilipanda mlimani, Mhezi, kwa mama. Nikamwamkia, nikakaa, nikamweleza yote huku akichambua maharage. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka ungo chini.

"Na mimi nilikuwa nakupima," akasema. "Kila ukija nakuuliza mambo ya zamani, nione kama unayakumbuka."

Nikamuuliza tangu lini. "Tangu tumzike baba yako," akasema, akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Kumbe maswali yale yote kuhusu majirani waliohama na ng'ombe waliokufa hayakuwa umbea. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mchana akapakua makande, nikala sahani mbili.