Kitambaa cha Kompyuta ya Sesilia

Pale Mabwerebwere, mjini Kilosa, mwaka ule wa tisini na tisa, kompyuta ilivishwa kama bibi harusi, na Sesilia ndiye aliyeivisha. Redio ina kitambaa, kochi lina kitambaa. Sasa chombo cha gharama kama kile kikae uchi, vumbi la Kilosa likione?

Sesilia alikuwa mchora ramani za nyumba katika ofisi ya Nassir. Alianza na ubao na wino, kisha akahamia kwenye programu ya kompyuta, ile ya zamani yenye skrini nyeusi, wakaelewana. Chini ya skrini palikuwa na mstari wa maandishi. Hapo programu humwuliza ukuta uanzie wapi, naye huijibu kwa kuandika. Vidole vyake vilikuwa vyepesi hata wapita njia wakawa wanaingia kutazama tu. Kazi ile aliipenda, wala hakuona haya kusema.

Basi Nassir akaenda Morogoro, akarudi na toleo jipya la programu, pamoja na mashine ya kulibeba, maana ile kuukuu isingeliweza. Kipya kinyemi. Kumpa mgeni heshima yake, Sesilia akafuma kitambaa chenye marinda mapana pande zote nne, kiizunguke skrini kama fremu ya picha, akakitia wanga kikakakamaa.

Alipokaa kuchora, akapotea. Vijipicha vimejaa juu, mstari wake haupo. Toleo jipya limekuwa bubu! Akabaki kuhangaika na kipanya, akisaka kijipicha cha ukuta, akisaka cha mlango, na kazi ya asubuhi ikawa ya kutwa nzima. Alilia chooni, ukweli usemwe. Nassir, mtu mpole, akamwambia, "Dada Sesilia, usijitese. Nitamwita mchoraji kutoka Morogoro, wewe ukae mbele upokee wateja." Upole ule ulimchoma kuliko matusi.

Kabla mchoraji hajaitwa, akaja Mzee Filipo wa Tindiga kuona ramani ya nyumba yake, kaongozana na dada yake mkubwa, Bi Sikuzani. Katika ukoo wao nyumba haichorwi dada mkubwa akiwa hayupo, kwani mahali pa jiko ni neno lake.

"Shikamooni," Sesilia akasema.

"Marahaba, mwanangu," Mzee Filipo akaitikia. "Tuonyeshe hiyo nyumba."

Akawaonyesha sebule, vyumba, baraza. Bi Sikuzani akasogea, akakodoa macho.

"Na jiko langu?"

"Lipo mama, huku chini."

"Silioni. Filipo, umeninyima jiko!"

"Mimi tena, dada?"

"Huku chini wapi? Chini ya haya marinda?" Na bibi yule, asiyeijua kompyuta wala kuiogopa, akakamata pindo la chini akalivuta, kitambaa chote kikamfuata mkononi.

Jiko likatokea. Na chini ya jiko, mstari.

Sesilia akashika mdomo. Mstari ulikuwepo siku zote, unauliza ukuta uanzie wapi, nyuma ya marinda aliyoyafuma kwa mikono yake mwenyewe. Akacheka, akacheka, mpaka Mzee Filipo akamwangalia dada yake kwa wasiwasi.

"Unacheka nini? Hilo jiko liko mbali na kisima," Bi Sikuzani akasema. "Lisogezwe."

Sesilia akaandika. Jiko likasogea.

"Tena kidogo. Tena. Haya, hapo. Sasa litie dirisha, nimwone anayekuja."

Chumba cha pili, Nassir alikuwa ameshika mkono wa simu. Akachungulia mlangoni huku waya umenyooka nyuma yake.

"Dada Sesilia, Morogoro wamepokea. Nimwambie huyo mchoraji aje lini?"

"Mwambie asije," Sesilia akasema bila kugeuka, vidole vikikimbia. "Nina jiko la watu hapa."