Gunia la Kyumbi na Zile Dunia Mia

Kama kuna mtu mzima aliyewahi kuzimaliza Jumapili zake kwa ajili ya vitabu vya katuni katika mji wa Machakos, basi ni Nurudin, fundi cherehani. Mtu na ndevu zake, ana mke na mtoto, suruali za watu zimelundikana mezani zinangoja kukunjwa miguu, naye anabishana mpaka mishipa ya shingo inamsimama: Mshonaji wa kweli ni yupi, wa dunia ya nne au wa dunia ya kumi na tisa?

Katuni zenyewe ziliitwa Dunia Mia. Zilitoka ng'ambo kwa Kiingereza, zikapitia Nairobi ndani ya marobota ya magazeti ya zamani, zikafika Machakos mikononi mwa Dayib, kijana wa Kisomali ambaye baba yake aliuza mbuzi, naye akaona heri auze karatasi. Hadithi ilikuwa hivi: kila mtu anapokata shauri, dunia hupasuka vipande viwili. Kimoja ni cha lile alilolichagua na kingine ni cha lile alilolikataa, na vyote viwili huendelea sambamba bila kuonana. Shujaa ni mwanamume wa koti la kijivu mwenye uwezo wa kupita kwenye mipasuko hiyo na kuishona nyuma yake kwa uzi wa mwanga. Jina lake la Kiingereza lilikuwa la kuchosha ulimi. Pauline ndiye aliyemwita Mshonaji, na jina likakaa.

Pauline alikuwa msusi, chumba cha pili kutoka kwa Nurudin. Akitoka kanisani, hata gauni la Jumapili hajalivua, tayari yuko kwenye benchi la wateja wa Nurudin, kitabu mkononi. Na kazi ilikuwepo, maana vitabu havikuja kwa mpangilio. Cha kumi na moja kilitangulia cha nne. Mtu anakufa leo, wiki ijayo unamkuta anakunywa chai, na hakuna ajuaye kama amefufuka, kama ni mwenzake wa dunia nyingine, au kama ni Dayib tu kaleta kitabu cha nyuma.

"Huyu si yule," Pauline alikuwa akisema. "Angalia kovu. Wa dunia ya nne ako na kovu kushoto."

"Walahi, mchoraji amesahau tu," Dayib anajibu.

"Mchoraji hawezi sahau," Nurudin anaingilia. "Mimi nikishona koti naweza sahau mfuko?"

"Ile ya mzee Nzuki ulisahau."

Wanacheka mpaka wapita njia wanachungulia. Swabra, mkewe Nurudin, hakuwa na la kucheka hapo. Kwake zile zilikuwa picha za watoto, na hata binti yao Maryam, aliyekuwa na miaka tisa, alikuwa ameshazichoka.

Ukaja mwaka wa 2004. Mashamba ya Ukambani hayakutoa kitu cha maana, na chakula kilichokuwa nyumbani kwa Nurudin kikaisha. Jumapili moja asubuhi Swabra akamtuma Kyumbi, pale njia panda, ambako malori yalikuwa yakiteremsha mahindi.

Sasa, hakuna Mkamba asiyejua kununua mahindi. Unatia mkono ndani ya gunia mpaka kiwiko, unatoa punje za chini, unauma. Ikilia kah, imekauka. Jino likizama, unaliacha gunia hilo, au kama huna budi unalichukua na kuyaanika mahindi juani mpaka yalie. Nurudin alilijua hilo tangu utotoni huko Kalama kwa bibi yake. Lakini jana yake Dayib alikuwa amemnong'oneza kwamba kitabu cha ishirini kimepatikana, kile ambacho Mshonaji anafika dunia ya mia, na Nurudin alitaka kukifungua kabla Pauline hajatoka kanisani. Akaonyesha gunia kwa kidole, likapakiwa, akarudi mbio.

"Uliuma?" Swabra alimuuliza mlangoni.

"Niliuma. Imekauka sawasawa," alisema Nurudin, naye tayari amempa mgongo.

Swabra akaliburuta gunia hadi pembeni mwa jikoni na kulifunika. Mume kasema yamekauka, ya nini kuyaanika?

Nurudin alikula mchana hotelini, kama mafundi wote. Waliokula nyumbani mchana na jioni, ugali na isyo ya mahindi na maharagwe, ni mama na mtoto. Swabra alitapika siku kadhaa akapona. Maryam macho yake yaligeuka manjano, tumbo likafura, na hospitalini walipomlaza tayari walikuwa wamewalaza wengine wengi wa namna ile, kutoka vijiji vyote vya huko. Alifariki alfajiri akiwa ameshika kidole cha mama yake. Akazikwa siku ileile, na Nurudin ndiye aliyeingia kaburini kumpokea.

Baada ya mazishi wakapita watu wa afya, nyumba kwa nyumba. Wakaeleza kwamba mahindi yakiwekwa na unyevunyevu huota ukungu, na ukungu ule una sumu isiyoondoka hata uyapike kutwa. Mwanamke mmoja wao akalifungua gunia, akanusa, akamgeukia Swabra kwa upole.

"Mama, hukuyaanika?"

"Sikuyaanika," Swabra alisema.

Nurudin alikuwa amesimama hapohapo, ameshika kofia yake. Akainama kuwasaidia kulifunga gunia. Gunia likachukuliwa likachomwe, na wale watu wakaenda nyumba ya pili.

Tangu siku hiyo Swabra akawa mtu wa kuanika. Alianika mchele wa dukani. Alianika maharagwe makavu, alianika unga, akaketi kando ya mkeka kutwa nzima akigeuzageuza kwa kiganja. Majirani walimsemesha, akaitikia kwa heshima bila kuinua macho. Nurudin aliyaona yote hayo, na kila jioni aliapa moyoni kwamba leo atamwambia. Hakumwambia. Aliogopa, na hofu yake haikuwa ya kuachwa, bali ya yale macho, kwamba siku moja yangeinuka kutoka kwenye mkeka na kumtazama yeye. Ulikuwa woga mtupu, tusiutafutie jina zuri.

Miezi ikapita, akarudi kwenye benchi lake la Jumapili. Wenzake walikuwa wamemngoja. Kitabu cha ishirini walikuwa wamekisoma, lakini hawakukijadili, kwa ajili ya adabu. Sasa ikabidi.

Humo Mshonaji, ambaye mwanawe alizama mtoni kwa sababu baba alichelewa kufika, hatimaye anaifikia dunia ambayo hakuchelewa. Anasimama nje ya dirisha usiku. Ndani anajiona yeye mwenyewe mezani, na mtoto yuko hai, anakula.

"Mimi ningeingia," alisema Pauline. "Nimtoe yule mwingine nje, nikae mahali pake."

"Ukae kwa mtoto wa nani?" Dayib akamjibu. "Wako alikufa. Huyo ni wa mwenyewe."

"Fundi, wewe unaonaje?"

Nurudin alikuwa akikitazama kile kidirisha cha rangi ya njano. Alipoinua kichwa alimwona Swabra amesimama mlangoni. Hakuwahi kufika pale siku ya Jumapili hata mara moja.

Pauline akaruka kumpisha kwenye benchi. "Karibu, Mama Maryam. Ni hizi katuni zetu tu."

"Nimesikia nikiwa hapo nje. Hebu nielezeni."

Pauline akamweleza polepole, akimwonyesha picha: kukata shauri, mpasuko, dunia mbili. Swabra alisikiliza kama mtu anayeelekezwa njia. Kisha akauliza, na hakumuuliza Pauline.

"Baba Maryam. Wewe ndio unajua hizi vitu. Katika hizo dunia, kuna moja yenye mimi nilianika hiyo mahindi?"

Pauline na Dayib, ambao hawakujua chochote kuhusu Kyumbi, walimtazama fundi kwa huruma. Jibu lilikuwa mbele yake, fupi kabisa: Swabra, mimi sikuuma. Ni mimi niliyekuambia yamekauka. Alifungua mdomo akijua kwamba hatapata tena mlango mpana namna ile.

"Iko," alisema.

Swabra aliinamisha kichwa, akalipitisha gumba lake juu ya yule mtoto anayekula.

"Kwa hivyo ingewezekana," alisema. "Ni mimi tu."

Akakifunga kitabu, akakirudisha kwa Pauline kwa mikono miwili, akashukuru, akatoka. Nurudin alisikia viatu vyake vikiteremka barabarani, na hakusimama.

Pauline alijifuta machozi kwa ncha ya leso. Akamwekea fundi mkono begani.

"Umemjibu vizuri," alimwambia. "Hata yeye atapata kulala sasa."