Alama Kwenye Kona ya Ushoroba

Bi Delaido Savournin hakuamini kitu ambacho hakukigusa kwa mkono wake. Mkate aliubonyeza kabla ya kuuchukua, na padri akisema baraka kwa haraka alimwomba airudie. Sisi tuliozaliwa ndani ya Uwanja wa Arles, ule uwanja wa mawe wa Warumi, tulikwisha kumzoea.

Kazi yake ilikuwa kusokota kamba za singa, yaani nywele za shingo na mkia, za farasi jike, nyeusi na nyeupe, ambazo wachunga fahali wa nyanda za Camargue huzithamini kuliko kofia zao. Singa hazitaki upepo. Zikipigwa na upepo wa kaskazini hukauka na kukatika, na mjini kwetu upepo huo hauna adabu. Ndiyo maana Bi Delaido alifanya kazi katika ushoroba wa mawe uliokuwa nyuma ya jiko lake. Hapo zamani Warumi walipita kwenda kutazama simba, baadaye askari wakajificha humo wakati wa vita, kisha babu zetu wakajaza nyumba, mbuzi na majiko hadi Uwanja mzima ukawa mtaa. Mahali pengine penye urefu ule na utulivu ule hapakuwepo. Bila ushoroba, Bi Delaido hakuwa na kazi.

Shemeji yake, Alari, ndugu wa marehemu mumewe, alizungusha gurudumu upande mmoja. Bi Delaido alirudi kinyumenyume upande wa pili, kapu la singa kiunoni, akilisha kamba kwa vidole. Lakini ushoroba ule umepinda kama ukingo wa bakuli, hivyo kwa miaka ishirini na miwili wawili hao walifanya kazi pamoja bila kuonana. Kamba ilipita ikisugua jiwe la kona, nao walizungumza kwa kuivuta. Mara moja, simama. Mara mbili, zungusha. Mara tatu, njoo tule.

Kisha baraza la mji likaamua kwamba nyumba zote zilizo ndani ya Uwanja zibomolewe, ili Uwanja uwe kama ulivyokuwa. Bwana mpimaji akaanza kupita na karatasi za kutia saini, za kukubali nyumba ibomolewe. Watu wa mtaa walikutana kanisani wakaapa: hakuna atakayesaini peke yake. Lakini kiapo cha watu wengi kina matundu. Kila aliyesaini kwa siri, fundi wa mpimaji alikuja na tindo akamchongea mistari kwenye jiwe la mlango. Mwoka mikate ndiye aliyeanza. Baada ya wiki moja nyumba yake ilikuwa kifusi, na pale ilipokuwa imeziba tao, jua likaingia.

Jua hilo lilifika mpaka kwenye kona ya ushoroba, ambayo hakuna aliye hai aliyewahi kuiona bila taa. Asubuhi hiyo Bi Delaido aliona mistari minne juu ya jiwe, imechongwa sawasawa, pale hasa upande wake unapokutana na upande wa Alari. Alisimama akaitazama muda mrefu. Yeye hakuwa amesaini, na ushoroba ule ulikuwa na watu wawili tu.

Siku ya pili mpimaji alipita jikoni kwake, akasifu harufu ya supu ya dengu, akasema, "Mama, mwenzako wa upande wa pili ni mtu mwelewa sana."

"Mwelewa wa nini?"

Mpimaji alitabasamu, akakunja karatasi yake, akaenda zake.

Bi Delaido hakumuuliza Alari. Alisema baadaye kwamba ukimuuliza mwizi kama ameiba, unampa nafasi ya kutafuta jibu. Badala yake aliisikiliza kamba. Kila gurudumu liliposita alijiambia: sasa anaongea na mtu. Kila lilipokwenda haraka alijiambia: sasa anataka amalize, kuna anayemsubiri.

"Shemeji, mkono wako siku hizi mzito," alimwambia wakati wa chakula.

Alari aliendelea kumenya kitunguu. "Kamba ndiyo inayolegea huko kwako. Sijui unasimama kuzungumza na nani."

"Na nani? Mizimu ya Warumi?"

"Mizimu haibebi karatasi, shemeji."

Neno hilo lilimnyima Bi Delaido raha. Kwa nini ataje karatasi? Siku iliyofuata, kazi ikiwa katikati, aliifunga kamba kwenye pete ya chuma ya kufungia mbuzi, akaikaza ili Alari asihisi kitu. Akatoka kwa mlango wa jiko, akazunguka nje kupitia kanisani, akaingia kwa upande wa pili. Gurudumu lilikuwa limezuiwa kwa kigingi. Kamba ilikuwa imefungwa. Kiti cha Alari kilikuwa kitupu, kofia yake juu yake.

Basi amekwenda kusaini, alifikiri. Kwa hasira aliivuta kamba mara moja: simama.

Kamba ikamjibu. Mara mbili: zungusha.

Mtu alikuwa kule kwake, kwenye pete ya mbuzi. Bi Delaido aliishika kamba akaifuata gizani, mkono mbele ya mkono, na kwenye kona, juani, akakutana na Alari anayekuja ameishika kamba ileile.

"Nimekuta umetoroka," Alari alisema.

"Nami nimekuta kofia tu."

"Nilitaka nikukamate na mpimaji. Aliniambia wewe ni mwelewa."

"Na mimi aliniambia hivyohivyo juu yako. Lakini alama ni yako."

"Yangu? Upande wangu unaishia kwenye ule ufa wa ukuta. Hiyo imo kwako."

Bi Delaido alilisogelea jiwe. Aliingiza ukucha katika mstari wa kwanza. Ulikuwa umejaa mafuta magumu meusi, yale wanayopaka kamba, na ndani ya mafuta mlikuwa na singa. Akavuta moja, ndefu, nyeupe tupu. Farasi jike mweupe walikuwa naye mmoja tu, wa marehemu mumewe, na farasi huyo alikufa miaka kumi na mmoja iliyopita.

"Alama ya juzi hainywi mafuta ya miaka kumi," alisema.

Alari alipitisha kidole juu ya mistari minne. Kamba yao wenyewe ilikuwa imeisugua tangu walipoanza kazi, ikaondoa masizi yaliyoificha. "Kumbe na Warumi walikuwa na wapimaji wa kuhesabu matao," alisema. Kisha akaongeza polepole, "Nilikusudia kusaini kesho. Kwa kukukomoa."

"Mimi leo jioni," alisema Bi Delaido.

Mwishowe majirani wote wakasaini; ndipo wao wawili walipokwenda kwa mpimaji pamoja, wakasaini pamoja, kwa sharti moja: nyumba ziende, ushoroba ubaki wa kamba, isipokuwa siku za michezo ya fahali Uwanjani. Bi Delaido alidai sharti liandikwe. Kwa kuwa hakujua kusoma, aliipeleka karatasi kwa mwandishi wa barua, kisha kwa mhudumu wa kanisa, kisha akavuka mto wa Rhône kwa mtu asiyewajua wale wawili. Wote watatu walimsomea maneno yaleyale.

Alirudi nyumbani amekunja uso. Watu watatu kukubaliana namna ile, alimwambia shemeji yake, si jambo la kawaida.