Jitu la Bara lilipokufa ulingoni Temeke, watani wakaja kuzika

Wakuu, heshima zenu. Wakongwe wenzangu, kama tumebaki humu ndani, tuko pamoja.

Juzi nimewaona mnatukanana kwenye ule uzi wa mieleka ya kwenye TV. Nusu mnaapa wanapigana kweli, nusu mnasema ni maigizo, mpaka mtu na shemeji yake wameblokiana. Nilicheka miwani ikadondokea kwenye chai.

Sasa kaeni. Mie nilikuwepo Temeke wakati wa Mwingereza, miaka ya hamsini, mieleka ya maigizo ilipoletwa kwetu kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Ninayoandika niliyaona kwa macho haya mawili, enzi hizo yakiwa bado yanatunga uzi kwenye sindano bila msaada. Nachapa kwa kidole kimoja, kwa hiyo msinikimbize.

Nilikuwa fundi cherehani, kijana wa miaka ishirini na ushee, nashonea kwenye baraza ya nyumba ya udongo.

Akaja bwana mmoja anaitwa Kombo. Huyu alikuwa mpishi wa meli, ameshuka Durban, kule akaona wazungu wanabebana na kutupana chini huku watu wamelipa kiingilio kutazama. Akarudi na wazo lake kichwani na sanduku la bati mkononi.

Alitaka nimshonee bukta mbili za kubana na kinyago kimoja cha kaniki, cha kufunika kichwa chote, matobo ya macho na pua tu.

Nikamuuliza, kinyago cha nini, mnaiba? Ndipo akanieleza siri. Mieleka yenyewe imepangwa. Anayeshinda anajulikana tangu asubuhi. Anayepigwa anajirusha mwenyewe, na kishindo kinatoka kwenye mbao za chini, zilizoachiwa uwazi chini yake zilie kama ngoma. Nilidhani ananitania.

Wapiganaji walikuwa wawili. Wa kwanza Hamisi, dereva wa lori, kijana wa pale pale Temeke, mzuri wa sura na anajijua. Huyo akapewa jina la Shujaa.

Wa pili Maganga, rafiki yangu, kuli wa bandarini, Mnyamwezi mwenye mabega kama mlango wa ghala. Mpole kupita kiasi. Nimewahi kumwona akimwomba radhi mbuzi aliyemkanyaga. Huyo ndiye akafanywa mbaya, Jitu la Bara, na kinyago kilikuwa chake.

Kinyago alikiomba mwenyewe, na sababu yake ndiyo roho ya uzi huu.

Maganga alikuwa anamtaka Mwanahawa, binti wa Mzee Mwinshehe, Mzaramo wa Temeke. Posa ilishapelekwa. Mzee akasema "nitajibu," akanyamaza. Mwezi ukaenda, ukaja mwingine, kimya. Maganga alikonda, na kukonda kwa mtu wa ukubwa ule ni kazi.

Halafu Mzee Mwinshehe aliposikia habari za mieleka, akasimama nje ya msikiti akatangaza kwamba mtu mzima anayevaa bukta mbele ya wanawake si mtu wa kupewa hata kuku amtunzie. Maganga alikuwa amesimama hapo hapo, na bukta yake iko kwangu inangoja lastiki.

Nikamwambia ajitoe. Akasema ameshamwahidi Kombo na hawezi kuvunja ahadi. Nilimwona mjinga, na nilimwambia hivyo. Basi ikawa wazi kwamba kinyago kikibaki usoni ana mke, kikivuka hana.

Sasa vijana, hapa nisimame kidogo, maana nyie utani mnaoujua ni wa kuchambana kwenye comment.

Utani wetu ulikuwa sheria. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anakuchukulia kofia yako na huna pa kushtaki. Ukifiwa, wafiwa wanalia, mtani anakuja kuchekesha. Anamwiga marehemu anavyotembea, analala kaburini anasema pametosha, anamtukana maiti kwa nini amekufa siku ya kazi. Na huruhusiwi kukasirika. Bila watani msiba ulikuwa haujatimia.

Lakini mkwe ni kinyume chake. Mkwe unamwinamia, humtazami usoni, utani mwiko. Kwa hiyo Mzee Mwinshehe kwa Maganga alikuwa mtani, na akikubali posa anakuwa baba. Shikeni hapo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, baada ya alasiri. Ulingo ulikuwa boriti nne na kamba za katani, chini mbao, juu yake magunia yaliyojazwa maranda, juu kabisa turubai la meli ambalo sikuuliza limetoka wapi.

Watu wakajaa. Na mstari wa mbele kabisa, kanzu nyeupe, bakora mkononi, nani? Mzee Mwinshehe. Alisema amekuja kuithibitisha dhambi kwa macho yake, na akadai watoto waliokaa chini mbele yake wainame.

Pembeni yake alikaa Koplo. Huyu alirudi kutoka vita vya Bama, yaani Burma alikopelekwa na Mwingereza, akiwa anajua kila kitu. Kabla ya kengele alishawaeleza watu kwamba mieleka hii ni ya kijeshi, yeye aliwahi kuifundisha, na Jitu la Bara ana udhaifu kwenye goti la kushoto. Maganga hakuwa na udhaifu wowote kwenye goti lolote.

Pambano likaanza. Wakuu, nimeishi miaka mingi lakini sijaona watu wazima wakipoteza akili kwa kasi ile.

Hamisi alimkamata Maganga mkono, Maganga akaruka mwenyewe kama walivyokubaliana, akaanguka kwenye zile mbao zenye uwazi chini. Puuu! Mama Chausiku muuza vitumbua akavua kiatu akamrushia Maganga, aliyekuwa ndiye anayepigwa.

"Mama, unampiga nani?" mtu akamuuliza.

"Yeyote! Damu imenichemka!"

Mwingine alipiga kelele kwamba Jitu limepakwa mafuta ya nyani. Mwingine akajibu si nyani, ni mamba, shangazi yake anamjua aliyeyauza. Hamisi akimtekenya Maganga kwa bahati mbaya, Maganga akicheka ndani ya kinyago, watu wakasema, "Mnasikia anavyonguruma?"

Na Koplo, kila Maganga akianguka: "Goti! Si nilisema goti?" Alikuwa ameanguka kwa mgongo.

Ukafika mwisho uliopangwa. Hamisi amnyanyue, amtupe, Maganga alale kama mfu, Kombo ambaye ndiye refa ahesabu mpaka kumi, kisha abebwe kwenye machela. Kombo alimwonya mbele yangu: "Usitikisike. Hata wakikumwagia maji ya moto, mpaka machela ifike."

Hamisi akamnyanyua, kwa msaada mkubwa wa Maganga mwenyewe. Akamtupa. Mbao zikalia mpaka vumbi la maranda likapanda.

Kombo akahesabu. Moja. Mbili. Watu wakaanza kuhesabu naye kwa shangwe, kumi ikapigwa, Hamisi akainua mikono, watu wakaimba jina lake.

Maganga kimya. Kinyago changu nilikishona vizuri, na kifua alikibana, pumzi yake haikuonekana kabisa.

Shangwe ikapungua. Mama Chausiku akasema kwa sauti ambayo mpaka leo naisikia: "Jamani. Kaua mtu."

Hapo ndipo niliwajua mashabiki. Wale wale waliokuwa wanaimba jina la Hamisi wakawa wanaokota mawe. Mmoja aliyembeba mabegani sekunde chache kabla alimshusha na kumshika ukosi amkabidhi kwa askari. Koplo akatangaza saa ya kifo.

Kombo alijaribu kuita machela. Wabeba machela walikuwa wameshakimbia, hawakutaka kuitwa mashahidi.

Halafu mtu akauliza, "Marehemu kabila gani?"

"Jitu la Bara si Mnyamwezi? Bango la Kombo lilisema."

Wakuu, mngeona Wazaramo walivyochangamka! Wakaingia ulingoni kwa haki yao yote. Mmoja akalala kando ya Maganga akampimia urefu, akalalamika kwamba kaburi la huyu litafika Tabora. Mwingine akamfunga miguu kwa kamba ya katani asije akafufuka kudai posho. Wa tatu akasema maiti haizikwi na mfuko kichwani, akashika kinyago akavuta.

Nilifumba macho. Nilipofumbua, uso wa Maganga ulikuwa juani, macho ameyafumba, na mie niliyemjua ndiye pekee niliyeona amekizuia kicheko. Aliahidi kutotikisika, na mtu yule alikuwa hajui kuvunja ahadi.

"Ni Maganga! Kuli wa bandarini!"

"Yule anayeposa kwa Mzee Mwinshehe!"

Watu wote wakageuka kumtazama mzee. Akasimama. Akapita chini ya kamba, kanzu ikakwama, akaivuta ikachanika, hakujali. Mie nikajua imekwisha. Rafiki yangu amekutwa na bukta hadharani, tena amekufa ndani yake.

Watani wakampisha. Yeye ndiye mkubwa wao, na wakawa wanangoja utani wake.

Akamgusa Maganga ubavuni kwa bakora. "Wewe Mnyamwezi! Umeona mahari ni nzito ukaona bora ufe?"

Watu wakaangua kicheko. Hata Mama Chausiku alishika mbavu.

"Mabega yote haya, unauawa na dereva wa lori? Aibu gani hii? Si ungesema umechoka tukakupa kiti?"

Kicheko tena. Mzee akafungua mdomo kwa la tatu, na halikutoka. Akajaribu tena. Bakora ikamponyoka, akakaa chini palepale juu ya turubai.

"Nilishakubali," akasema. Taratibu, kama anamwambia Maganga peke yake. "Mama yake Mwanahawa anajua. Nilikuwa nakuchelewesha tu nione una subira kiasi gani. Ningekuita Ijumaa, mwanangu."

Akafunika uso kwa kofia yake. Mabega yakawa yanacheza, na hapo hakuna aliyecheka tena.

Maganga akafumbua macho. Akakaa.

"Shikamoo, baba."

Wakuu, uwanja ule ulikuwa na njia moja ya kutokea na watu wale walitengeneza nyingine sita. Kamba zilikatika. Vitumbua vilikanyagwa. Wa kwanza kufika barabarani alikuwa Koplo, shujaa wa Bama, na magoti yake yote mawili yalikuwa na afya njema.

Mzee Mwinshehe hakukimbia. Alimtazama Maganga, mdomo wazi, na kwa mazoea ya maisha yote akajibu: "Marahaba."

Kisha akili ikamrudia. "Nilisema kwa utani!"

"Na machozi, baba?"

"Ya utani pia!" Huku anayafuta kwa kanzu iliyochanika.

Lakini alishaitika marahaba kwa aliyemwita baba, na mie nilikuwa shahidi, na Kombo pia. Mzee aliokota shuka iliyodondoshwa na mtani mmoja aliyekimbia, akamfunika nayo mkwe wake, akamwambia avae nguo kama mtu. Ijumaa posa ikajibiwa.

Sasa sikilizeni upuuzi wa mashabiki. Kombo alizunguka mitaani wiki nzima akieleza kwamba ilikuwa maigizo, hakuna aliyekufa. Walimtukana! Walisema ni uongo wa kumficha muuaji. Akawaonyesha zile mbao. Wakasema mbao ndizo zilizorogwa.

Yaani walikuwa tayari kukubali kwamba mtu alikufa akafufuka mbele yao, lakini kwamba wao walidanganywa, hapana, hilo haliwezekani. Kombo akafungasha sanduku lake akapanda basi la Tanga. Hamisi kila akipita na lori watu walishusha sauti, na nadhani alipenda.

Maganga alioa, akawa mkwe haswa. Akimwona mzee anainama, anatazama chini, "naam baba," "ndiyo baba." Mzee alimchokoza makusudi amjibu, wapi. Siku moja mzee akaja barazani kwangu kuleta kanzu yenye tundu, akakaa, akasema, "Fundi, nimepata mkwe mzuri. Ila nimepoteza mtani mzuri zaidi." Nikaona kweli inamuuma.

Miaka michache mbele, bendera ya Mwingereza ikiwa bado juu, Mzee Mwinshehe akafariki. Ugonjwa mfupi tu.

Watani walikuja wengi, Wanyamwezi wa bandarini karibu wote, wakafanya vituko vyao ipasavyo. Maganga alikaa kando na wafiwa, kichwa chini. Mkwe hatanii.

Mwili ukashushwa, wakashika majembe. Maganga akainuka.

"Ngojeni," akasema. "Bado hajahesabiwa."

Akasogea ukingoni mwa kaburi, mtu mkubwa vile, akapiga goti. Akaanza kuhesabu kama Kombo alivyohesabu. Moja. Mbili. Tatu. Watu wachache waliokuwepo Jumapili ile wakaelewa, wakacheka huku wanalia. Shehe alitaka kumzuia, akamwangalia usoni, akamwacha. Saba. Nane. Kwenye tisa alikaa sana, sana, anatazama chini.

Kisha akasema kumi, akachukua jembe yeye mwenyewe.

Wakuu, nilichojifunza mie ni hiki: mnaobishana kama wanapigana kweli ama uongo, mnatazama ulingo vibaya. Kweli ya siku ile ilitoka kwa mtu mmoja tu, naye aliingia ulingoni kutania.

Haya, uwanja ni wenu. Mwenye swali aulize, mwenye babu aliyekuwepo amuulize kuhusu Koplo. Na anayetaka kusema nimetunga, aseme tu. Mashabiki nimewazoea tangu Temeke.