Kijusi cha Kuku na Kijusi cha Kasa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliposimama mbele ya wazee wa kijiji chetu cha Wawi na visahani viwili vya chai, nikiamini nitaondoka pale mwanachuoni. Niliondoka mwongo.

Ilikuwa miaka michache kabla ya vita vikuu vya pili. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, mwalimu mpya, nimerudi kutoka Unguja nilikokwenda kusomea kazi. Kule mkufunzi wetu alituonyesha picha za vijusi, yaani viumbe wachanga wasiokamilika bado ndani ya yai au tumbo: cha samaki, cha kasa, cha kuku, cha ng'ombe na cha mtu. Siku za mwanzo vyote vimejikunja, vina kichwa kikubwa na mkia, na shingoni vina mikunjo. Kwa samaki mikunjo ile huwa matamvua ya kupumulia. Kwako wewe huingia katika taya na sikio. Mkufunzi akasema kufanana huko ni ushahidi kwamba viumbe hawa wametoka kwenye ukoo mmoja wa kale sana, kisha wakaachana kidogo kidogo. Maneno hayo yaliniingia kichwani, na kichwa chenyewe kikavimba.

Wakati huo nilikuwa nimepeleka posa kwa Bi Mize, mjane mfugaji kuku, namtaka binti yake Riziki. Jawabu lilikuwa halijatoka. Bi Mize alisema bado ananitazama. Nikaona nimpe cha kutazama.

Nilimwomba yai moja la kuku wake aliyekuwa analalia, akanipa shingo upande. Mvuvi mmoja wa Wesha akaniletea la kasa. Nikayapasua, kila kijusi nikakiweka katika kisahani chake, na kila kisahani nikakibandikia karatasi yenye jina. Wazee, na Bi Mize miongoni mwao, wakakaa barazani pale skuli, nami nikahutubu karibu saa nzima. Mzee Faki, sheha wetu, mkuu wa kijiji, aliuliza kwa upole kama kijusi ndiye mtoto wa mjusi, maana jina limekaa hivyo. Nikacheka, peke yangu. Akasema yeye anajua Mungu huumba kwa njia aitakayo, ila angependa kuona kwa macho yake. Nikavipitisha visahani pamoja na kioo cha kukuzia. Vilipita mkono kwa mkono, vikarudi vimelowa, karatasi zote mbili zimebanduka.

Basi Mzee Faki akauliza kipi ni cha kuku.

Mwanangu, nilitazama. Nikafuta kioo, nikatazama tena. Kila upande kichwa kikubwa, jicho jeusi, mkia. Sikujua. Na Bi Mize amekaa mbele kabisa. Nikaona nikisema sijui, posa imekwenda. Nikaonyesha cha kulia na kusema kwa sauti ya mkufunzi, "Hiki ndicho. Tazameni, bawa limeshaanza."

Bi Mize akainuka, akabandua kipande cha ganda kilichobaki ukingoni mwa kisahani hicho. Akakikunja, kikakunjika kama ngozi.

"Mwalimu," akasema, "kuku wangu hatagi yai la kukunjika."

Ningenyamaza hapo ningepona. Nikajibu kwamba huenda kuku huyo amekosa chokaa. Wazee walicheka mpaka kofia zikawavuka. Bi Mize, ambaye kuku wake wanasifiwa mpaka Konde, hakucheka.

Siku ya pili nilikwenda kumwomba radhi. Aliniacha nimesimama uani mpaka akamaliza kuwatilia kuku mtama.

"Jana umetwambia vitu hivi vinafanana," akasema. "Ulipoulizwa ukashindwa kuvitofautisha. Huo si ndio ushahidi wako? Ungesema hujui, sote tungekuamini. Umesema uongo, ukaivunja hoja yako kwa mkono wako. Na kuku wangu ukamsingizia."

Tangu nitoke Unguja sikuwahi kusikia somo langu likielezwa vizuri namna ile.

Akaniagiza nirudi kwa wazee wale wale niseme kweli. Nilirudi, nikakiri kwamba sikujua, nikawawekea vijusi vipya, majina yamefichwa chini ya visahani. Mzee Faki akataka ajaribu yeye kuvitambua, akakosea. Wengine wakajaribu, wakaanza kubishana wao kwa wao. Baadaye nikawaletea mayai yaliyokaa siku nyingi zaidi. Hapo mdomo wa kuku na gamba la kasa vilishajionyesha, na ubishi ukaisha wenyewe. Siku hiyo sikuhutubu. Bi Mize naye akanipa Riziki, kwa sharti kwamba nisiingie banda la kuku wake bila ruhusa.

Ninalokuusia ni hili, mwanangu. Ukipata elimu, usiifanye pambo la kuwatishia watu. Ukiulizwa usilolijua, sema hujui, hata kama mbele yako amekaa yule unayetaka akusifu. Na ukishateleza, simama hapo hapo. Usiongeze uongo wa pili kuufunika wa kwanza.

Mola akujaalie macho ya kutazama kwa makini na ulimi wa kusema ulichokiona, na asikukoseshe mtu wa kukurudi kwa haki ukikosea. Amina.